Kiatu Kando ya Dohani

Mara nne kwa siku, na mara tano kila Jumamosi, Verna Dubiel aliwataja kwa majina watoto sita waliokufa, na hakuwahi hata siku moja kukwama katikati. Aliwataja huko juu, katika chumba cha kaskazini, akiwa amesimama kando ya dohani na mikono ameifumbata juu ya aproni. Thankful, miaka minne. Jerusha, miaka miwili. Asahel, wiki tatu. Mehitable mdogo, miaka saba. Jotham wa kwanza, siku moja. Submit, miezi tisa. Akimaliza aliwaambia wageni wainamishe vichwa wakati wa kushuka, maana ngazi ile haichagui mgeni wala mwenyeji.

Nyumba yenyewe, ambayo siku hizi ni makumbusho, ni ya shemasi Jotham Orcutt, aliyeijenga mwaka 1761 hapa Westmere, upande wa Massachusetts, kando ya mto Connecticut. Kama walivyojenga wazee wote wa bonde hili, alianza na dohani. Dohani moja tu, ya matofali, katikati, pana kuliko banda la mbuzi, yenye meko matano yanayotazama huku na huku. Vyumba vikapangwa kuizunguka kama watu wanaoota moto. Nyuma paa linateremka chini mpaka mtu mzima anaweza kulishika ukingo. Sisi wa Westmere tunaipenda nyumba hiyo kuliko tunavyopendana wenyewe. Tulishawahi kukaa vikao vitatu kugombea rangi ya madirisha yake, watu wawili wakaacha kusalimiana mpaka mmoja akafa, na yule aliyebaki alikwenda mazikoni akasema pale pale kwamba ile kijani haikuwa ya zamani zile.

Verna hakugombea rangi. Hakugombea kitu. Alifika saa tatu kasoro robo asubuhi, akafunga aproni na kofia ya kitambaa ya enzi za shemasi, akasema maneno yake, akavua kofia, akaenda zake. Katika duka la mikate walikuwa wakimsengenya kwa utani: "Yule mama ukimchoma sindano atakuuliza kama bado unaihitaji." Walicheka, na yeye alipoingia wakanyamaza, na yeye alijua wamenyamazia nini, wala halikumuuma. Hilo ndilo lililokuwa tatizo lake kwa miaka thelathini na tatu: mambo hayakumuuma.

Aliingia kazi ile ya kutembeza wageni mwaka 1985, na sababu aliijua moyoni ingawa hakumwambia mtu. Watoto wa shemasi hakuna anayetarajia uwalilie. Unawataja tu, na watu wanatikisa vichwa, wanauliza kama mbao za sakafu ni zile zile. Kulikuwa na nafuu fulani ndani yake, nayo ilimtosha.

Mumewe, Casimir, ambaye mji mzima ulimwita Caz, alikuwa fundi lipu. Si lipu hii ya siku hizi ya kununua kwenye ndoo. Caz alichanganya chokaa na singa za ng'ombe kwa jembe, akaisukuma kwenye fito za mbao hadi ishike nyuma yake kama vidole, tabaka la kwanza, la pili, la tatu. Kila ukuta wa Nyumba ya Orcutt ulikuwa umepita mikononi mwake. Na kila mwaka, theluji ikishayeyuka, alikuja bila kuitwa na bila kulipwa kukagua nyufa. Alipanda hadi chumba cha kaskazini, akaweka kiganja ukutani kando ya dohani, akakaa hivyo kidogo, akashuka. Verna alimwona akifanya hivyo zaidi ya mara ishirini. Alidhani ni ufundi.

Sasa, mwezi wa nne mwaka 2011, kamati ya makumbusho iliamua nyumba iwekewe mabomba ya joto, na mafundi wa mabomba wakafungua ukuta wa kaskazini. Saa nne na nusu asubuhi Courtney, mkurugenzi wa nyumba, mwanamke wa miaka thelathini mwenye elimu nyingi na roho safi, alisimama juu ya ngazi akamwita.

"Bi Verna, panda. Panda polepole, usijivunje. Lakini panda."

Juu ya meza, kwenye karatasi nyeupe, kilikuwepo kiatu kimoja cha mtoto.

Katika nyumba zetu za kale hilo si jambo geni. Wazee walisema dohani ni mlango usio na komeo, na baya lolote linaweza kushukia humo. Kwa hiyo walipojenga, walificha ukutani kiatu kilichokwisha kuvaliwa. Kiatu hushika umbo la mwenyewe. Baya likishuka hudhani limempata mwenyewe, likanasa humo, wenye nyumba wakapona. Vimepatikana vingi, na mara nyingi ni kimoja kimoja.

"Shemasi mzima, Biblia mkononi, na kiatu ukutani," Courtney akasema akicheka. "Tazama kazi hii, Bi Verna. Imeshonwa kwa mkono. Soli imepigiliwa vijiti vya mbao, hakuna msumari hata mmoja. Enzi zile kiatu hakikuwa na kushoto wala kulia, lakini hiki kimepinda. Mtoto alikivaa mguu wa kushoto peke yake mpaka kikamzoea. Na soli, unaona? Imeongezwa ngozi mara mbili. Maskini, walikuwa wakikitengeneza tena na tena."

Verna alitazama soli. Haikuongezwa kwa kuchakaa. Iliongezwa nusu inchi kamili, kwa sababu mguu wa kushoto wa binti yake ulikuwa mfupi kwa nusu inchi.

"Kinamfaa mtoto wa miaka minne," Courtney akaendelea. "Unajua maana yake."

"Thankful," Verna akasema.

"Thankful," Courtney akaitikia, na machozi yakamtoka, akayafuta kwa mkono wa sweta. Verna alimtazama kwa mshangao, jinsi ilivyokuwa rahisi. Kisha saa tano ikagonga, akashuka kupokea wageni, akawapandisha, akawataja watoto sita, na hakukwama.

Binti aliitwa Nadine. Viatu vyake vilitengenezwa na Arsenault, mzee wa Kikanada aliyekuwa na kibanda nyuma ya stesheni, mwenye kalibu za babu yake na vijiti vya babu yake, asiyetaka kusikia habari za gundi wala mashine. Alivikata kimoja cha kulia na kimoja cha kushoto, cha kushoto akakinenepesha. Nadine akavivaa, akatembea sawasawa kwa mara ya kwanza, akapita mbele ya maduka yote kama mkaguzi. Miezi mitano baadaye, Februari ya 1978, homa ya uti wa mgongo ilimchukua kwa siku mbili.

Baada ya mazishi Verna alitafuta viatu, akakuta kimoja. Akamuuliza Caz: umekitupa? Caz akasema hajakitupa. Akamuuliza kesho yake, na kesho kutwa, mwezi mzima, jibu lile lile, bila neno la ziada. Verna hakumwamini. Alijua mumewe ana tabia ya kuondoa machoni kitu kinachomuumiza. Siku moja akaacha kumuuliza. Mwezi wa saba wa mwaka ule alizaliwa Glenn, ambaye sasa anafundisha hesabu huko Ohio na hupiga simu kila Jumapili. Nyumba ikaendelea. Walikula pamoja, wakalipa kodi, wakaenda kwenye mahafali ya kijana. Lakini lile swali lilikaa kati yao mezani kama mtu wa tatu, na wote wawili walilizoea hivyo hivyo.

Siku ile aliporudi, Caz alikuwa jikoni karibu na dirisha akimenya viazi. Ana miaka sabini na moja, na vumbi la chokaa limemwachia kifua kinachopiga filimbi akivuta pumzi. Soseji na kabichi vilikuwa vinachemka.

"Wamefungua ukuta wa kaskazini," Verna akasema, akitundika koti.

Kisu kilisimama juu ya kiazi.

"Kando ya dohani?"

"Kando ya dohani."

Caz aliweka kiazi chini, akajifuta mikono taratibu, kila kidole. "Basi umekiona."

"Nimekiona."

"Nilikuambia sikukitupa."

"Uliniambia. Hukuniambia ulikipeleka wapi."

"Hukuuliza nimekipeleka wapi. Uliuliza kama nimekitupa. Halafu ukaacha kuniuliza chochote, hata kama nataka chumvi."

Verna alivuta kiti akakaa. Alitafuta hasira, akapapasa pale alipodhani imekaa miaka yote, pakawa patupu. "Kwa nini kule, Caz? Kwa nini hukukiweka kwetu?"

"Kwetu wapi, mama? Tulikuwa tumepanga juu ya duka la rangi. Nilikuwa na kazi ya ule ukuta mwezi ule, ukuta uko wazi mbele yangu. Na ile nyumba haibomolewi. Watu wa mji huu watabomoa kanisa kwanza." Alikohoa, akangoja kifua kitulie. "Na wewe ulikuwa na mimba ya miezi minne. Nikajiambia, lililokuja likirudi, limkute Nadine kule, limwache huyu."

"Wewe huamini mambo hayo. Hata kanisani huendi."

"Siamini."

"Huamini, na ukakiweka."

"Nikakiweka. Na Glenn ana miaka thelathini na miwili, hajalazwa hospitali hata siku moja." Aliokota kiazi chake tena lakini hakukimenya. "Ijumaa naenda kuuziba ule ukuta. Hakuna mwingine anayejua. Kirudi mahali pake kabla sijaziba, Verna. Nakuomba."

"Mimi nakitaka hapa. Kiwe na mwenzake."

"Haya," Caz akasema. Kabichi ilichemka mpaka ikamwagikia jiko.

Basi jambo likawa hivyo, na siku zilikuwa tatu. Ukuta ulikitaka, kabati la kioo alilokwisha kuagiza Courtney lilikitaka, na Verna alikitaka. Akinyamaza, kiatu cha Nadine kingekaa kwenye kioo kwa jina la mtoto wa shemasi, naye angewasimulia wageni mara nne kwa siku. Akisema, mumewe angejulikana kuwa ndiye aliyetia kitu chake katika nyumba ambayo aliapa mbele ya kamati hataongeza hata singa moja isiyo ya kale. Jina la fundi ndilo pekee alilobaki nalo Caz. Kifua kilikwisha kwenda.

Jumatano kabati likawekwa, na kadi yenye maandishi mazuri: Kiatu cha Thankful Orcutt, aliyefariki akiwa na umri wa miaka minne. Verna aliisoma kadi mara mbili. Alisubiri kuumia, kama mtu anayesubiri ganzi ya daktari wa meno iishe. Haikuisha. Mchana aliwasimulia wageni, sauti ile ile, na mzee mmoja akapiga picha.

Alhamisi alikuja na mfuko wa mkate. Wageni walipoondoka aliingia ofisini kwa Courtney, akatoa kiatu cha kulia, akakiweka juu ya karatasi zake. Courtney alikishika. Akakigeuza, akatazama vijiti vya mbao, akatazama soli nyembamba.

"Cha nani?" akauliza.

"Cha binti yangu. Na kile cha ndani pia. Ni mkono wa mzee Arsenault, wa nyuma ya stesheni. Caz ndiye aliyekiweka, mwaka sabini na nane."

"Nimeshaandika gazetini, Bi Verna."

"Nimeisoma. Umeandika vizuri."

Courtney alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekalia mwiba. "Ungeweza kunyamaza. Nisingejua mpaka nakufa."

"Nimeshanyamaza vya kutosha."

Courtney alisimama, akaenda chumba cha pili, Verna akasikia funguo za kabati. Alirudi na kiatu cha kushoto, akakiweka kando ya mwenzake. Ilikuwa mara ya kwanza viwili hivyo kukaa pamoja tangu Nadine avivue.

"Ni vyako," Courtney akasema. "Kadi nitaitoa mwenyewe. Kuhusu Caz, sikuulizwa, sitasema." Kisha, akitazama dirishani: "Kanuni inasema hakiwekwi ukutani kitu chochote kisicho cha enzi zake. Mimi kesho nina mkutano mpaka saa tisa."

Ijumaa Caz alipanda ngazi ile kwa vituo, kila vidato vinne anapumzika, na Verna nyuma yake na mfuko wa mkate. Alichanganya chokaa yake mwenyewe, hakukubali kusaidiwa. Akaanza kuziba kutoka chini kwenda juu. Mkono ulikuwa ule ule. Mwiko ulipita na ukuta ukanyooka. Ilipofika saa saba palikuwa pamebaki tundu dogo kando ya matofali, la kupitisha mkono. Caz akasimama, mwiko umeshiba lipu. Hakumtazama mkewe. Hakuomba tena.

"Chokaa inakauka," akasema tu.

Akaegemeza kiganja ukutani ili avute pumzi, pale pale karibu na tundu. Verna akakitazama kile kiganja. Ndipo alipoelewa alichokuwa akikiona kila mwaka theluji ikiyeyuka.

"Hukuwa unakagua nyufa," akasema.

Caz alikiacha kiganja pale pale.

"Ulikuwa unakuja kumwona." Akaisikia sauti yake kama ya mtu mwingine. "Miaka thelathini na tatu unakuja kumwona, peke yako. Na mimi nimesimama hapa, Caz, hapa hapa, mkono mmoja tu kutoka kwake, nawataja watoto wa shemasi. Mara nne kwa siku. Ukaniacha."

Hasira ilikuwa imefika. Ilimjaa kifuani na kooni na mikononi, ikamuuma, na aliiacha imuume. Alitaka kumpiga na mfuko wa mkate.

"Niliogopa utakitoa," Caz akasema. "Wakati ule ungekitoa." Alivuta pumzi, filimbi ikalia. "Halafu ukapata kazi hapa. Siku uliyoniambia, nilitoka nje nikakaa garini nikalia. Nikasema, sasa hayuko peke yake. Mama yake yuko naye kutwa."

Verna alisimama na mfuko wake. Lipu kwenye mwiko ilianza kupasuka kingo. Mwishowe alifungua mfuko, akatoa kile chenye soli nene, akakishika kidogo kwa viganja viwili. Aliingiza mkono ndani ya tundu hadi kiwiko, akakiweka juu ya tofali, akakisogeza mpaka kisimame sawasawa. Akautoa mkono ukiwa mweupe wa chokaa.

"Na hiki?" akauliza, akionyesha cha kulia.

"Hicho kaa nacho," Caz akasema. "Huku huwekwa kimoja."

Akaziba. Walishuka pamoja, mke mbele mume nyuma, na Caz alisahau kuinamisha kichwa, yeye mwenye miaka yote katika nyumba ile. Verna akamwambia ngazi haichagui mgeni wala mwenyeji, na Caz akasema anajua, akajipapasa utosi.

Lipu ya chokaa haikauki upesi. Jumamosi kile kiraka kilikuwa bado kimelowa, cheusi kuliko ukuta uliobaki, na wageni wa saa nne walikuwa kumi na mmoja. Verna aliwapandisha. Akasimama mahali pake, lakini mikono hakuifumbata; mmoja aliuweka nyuma yake, ukutani, kwenye ubaridi wa kiraka.

"Shemasi na mkewe walizaa watoto kumi na mmoja," akasema, "na hawa ndio wasiokua. Thankful, miaka minne. Jerusha, miaka miwili. Asahel, wiki tatu. Mehitable mdogo, miaka saba. Jotham wa kwanza, siku moja. Submit, miezi tisa."

Akakwama.

Wageni wakasubiri. Mwanamume mmoja akakunja ramani yake. Mwanamke aliyekuwa mbele, mwenye mkoba mkubwa, akamtazama usoni, akaacha kutazama dari.

"Nadine," Verna akasema. "Miaka minne."

Hakuna aliyehesabu. Walitikisa vichwa kwa huruma kama wanavyotikisa siku zote, na yule wa ramani akauliza kama mbao za sakafu ni zile zile. Verna alitaka kumjibu kwamba ni zile zile, misonobari ya mwaka 1761, lakini alikuwa analia, na hakuwa na leso, akajifuta kwa aproni ya shemasi.